Niliiamsha Mashine ya Bwana Dionis

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana nitasema kwa kifupi, maana aibu yangu hainipendezi kiasi cha kuirudia yote.

Naitwa Nestori Bazilio. Mwaka huo wa 1998 nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika moja la kuhudumia wakimbizi, ofisi ya Kibondo. Kwenye fomu ya kazi niliandika kwamba nimezaliwa Kitanga, Wilaya ya Kasulu. Uongo mtupu. Nilizaliwa Burundi, na mama alinivusha mpaka mgongoni mwaka 1972 nikiwa na miezi mitatu. Bazilio ni Muha, mwenyeji wa Kitanga, aliyemwoa mama baadaye, akanipa jina lake na shule. Jina nililopewa na baba aliyenizaa ni Nkunzimana, nami nilianza kulikana nikiwa darasa la kwanza.

Wiki jana niliishia Jumatano, kwenye chai ya saa nne. Bwana Dionis, mkuu wa kitengo cha orodha ya wakimbizi, aligonga kikombe kwa kijiko, akawatangazia wafanyakazi wote kwamba kabla mwezi haujaisha kuna mwenzetu atahamia kambi ya Mtabila, na hatakwenda kikazi. Alikuwa ananitazama mimi. Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mkubwa, huku chai ikinichoma kidole.

Sasa tuendelee.

Dionis alinichukia, nami nilimchukia. Miezi minne nyuma, mbele ya mgeni kutoka Dar es Salaam, nilionyesha kwamba orodha yake ilihesabu mtaa mmoja wa kambi mara mbili. Mgeni alicheka. Dionis hakusahau kicheko kile. Alikuwa mtu wa kunyoosha kola kwanza ndipo amtukane mtu, na tangu siku ile kola yake ilikuwa imenyooka kila aliponiona.

Kama alikuwa na ushahidi wa nilikozaliwa, nilikuwa nimekwisha. Mwaka uliotangulia tuliona kwa macho yetu watu wakikusanywa vijijini na kupelekwa kambini, wengine wakiwa wamelima huku robo karne nzima. Na mimi nilikuwa na mke, Loyce, mwalimu kutoka Singida. Hakujua. Baba yake alikubali ndoa yetu baada ya kuniuliza mara mbili kama mimi ni mkimbizi, na mara zote mbili nilimwangalia machoni nikasema hapana. Tulikuwa na mtoto wa miezi saba, Vestina. Barua moja tu ingenitoa kwenye kazi, kwenye nyumba na kwa mke wangu, ikanitupa kwenye hema.

Nilitaka kujua Dionis ana nini. Na nilikuwa na njia.

Mwaka ule shirika lilileta kompyuta za kupakata, laptop kama wanavyoziita wenyewe. Moja alipewa Dionis ili aende nayo kambini na kuandika maelezo ya watu papo hapo bila karatasi. Akiwa ofisini aliipachika kwenye kiti chake, kibao cha plastiki chenye waya wa umeme na waya wa mtandao. Waya huo wa mtandao ulipita juu ya dari mpaka chumbani kwangu.

Khatibu, injinia aliyekuja kuutandaza mtandao ule, ndiye aliyenipa siri yake.

"Ukiizima, haifi," aliniambia. "Kile kikadi cha waya kinabaki macho. Kila kikadi kina namba yake. Wewe kaa kwako, kiite kwa namba yake mara kumi na sita mfululizo. Kikisikia, kinaiamsha mashine nzima."

Nikamuuliza kwa nini kumi na sita. Akasema ukiita mara moja inaweza kudhani ni kelele za njiani, na hata binadamu akiitwa mara moja hujifanya hajasikia.

Ilikuwa njia ya kazi halali. Wakati wa chakula niliziamsha mashine za wenzangu, nikazijaza orodha mpya kutoka Kasulu, nikazilaza kabla hawajarudi. Khatibu aliniwekea pia programu iliyonionyesha kioo cha mwenzangu kwenye kioo changu. Nikisogeza kipanya changu, na kule mshale unasogea. Wenzangu hawakujua. Walidhani orodha zinajileta zenyewe kwa sababu Wazungu wana akili.

Alhamisi asubuhi Dionis akaja mlangoni kwangu amevaa koti la safari. Akasema anakwenda Kasulu na msafara wa polisi, atarudi Jumamosi, na anaichukua laptop yake. Nikamwambia barabara ile yenye mashimo itaiua. Isitoshe, nikasema, kuna orodha ya mwezi inakuja, lazima ikae kwenye kiti chake, waya zote mbili zikiwa ndani.

Alinyoosha kola. "Haya, fundi," akasema. "Lakini ikipungua hata herufi moja, najua pa kuanzia."

Akafunga mlango wa ofisi yake. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja aliondoka nao yeye, wa pili alikuwa nao mama Pelagia wa usafi.

Mama Pelagia alikuwa mjane wa hapo hapo Kibondo, Muha aliyenyooka. Alifuma vitambaa vya kufunikia kila kompyuta ofisini, hata printa, na ukikichafua kitambaa chake kwa chai utamsikia mpaka Jumatatu. Ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la khanga. Nisingethubutu kumwomba, naye asingenipa.

Lakini ufunguo wa nini, wakati mimi nilikuwa na waya?

Ijumaa, saa saba, ofisi ikabaki tupu. Watu walikwenda kula kwa mama ntilie karibu na soko. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba. Nikafunga mlango wangu, nikaiandika namba ya kikadi cha Dionis, nikaita.

Kimya. Nikadhani amechomoa waya.

Nikaita tena. Ndipo nikasikia, vyumba viwili mbele yangu, kile kilio kidogo cha mashine inapoamka. Kioo chake kikajitokeza kwenye kioo changu, kikaniomba neno la siri. Neno lile nilimwekea mwenyewe mwezi wa pili na hakuwahi kulibadilisha. Ni jina la timu yake ya mpira.

Barua niliiona bila kuitafuta. Ilikuwa ya kwenda kwa afisa uhamiaji wa Kasulu, ikisema kuna mtumishi ajulikanaye kama Nestori Bazilio, mzaliwa wa Burundi, aliyejipatia ajira kwa kudanganya. Mahali pa tarehe palikuwa wazi. Nikashusha pumzi, nikajiambia kwamba haijaenda.

Mwishoni iliandikwa: rejea maelezo ya mkimbizi Ndayikeza.

Nikakaa nikilitazama jina lile.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta jina la jirani wa Kitanga mwenye wivu. Nilikuwa nimeshamtukana moyoni kabla sijamjua. Kumbe ni Ndayikeza, kaka yangu wa tumbo moja.

Mwaka 1972 mama alikimbia na mimi mgongoni. Ndayikeza alikuwa na miaka mitano, siku hiyo alikuwa kwa bibi, na njia ya kwa bibi ilikuwa imefungwa. Mama hakumwona tena. Mwaka 1996 jina lake lilipita mbele ya macho yangu kwenye orodha ya Mtabila, pamoja na jina la kilima chetu na jina la baba. Nililisoma, nikageuza ukurasa.

Hakuna mtu ofisini ambaye angeweza kushtuka. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake. Huku Tanzania ukisikia Nestori Bazilio unajua kuna mzee Bazilio mahali, lakini Ndayikeza na Nkunzimana wamenyonya ziwa moja na majina yao hayajuani. Kompyuta ya Wazungu ilikuwa inapanga familia kwa kufananisha jina la mwisho. Kwa hiyo mimi na kaka yangu tulikuwa watu baki, na nililala usingizi juu ya kosa hilo miaka miwili. Kutoka Kibondo hadi Mtabila ni safari ya asubuhi moja. Sikwenda hata siku moja.

Nikafungua maelezo yake. Dionis aliyaandika Jumanne, kambini, kwenye fomu ya kuunganisha familia. Mtoa maelezo: Ndayikeza, miaka thelathini na mmoja. Anayetafutwa: mdogo wangu Nkunzimana, nimesikia siku hizi anaitwa Nestori Bazilio, ni fundi wa mashine Kibondo. Hali ya anayetafutwa: yu hai. Sababu ya ombi: kumwona.

Hakukuwa na kingine. Hakuomba shamba, hakuomba kutolewa kambini. Aliomba kuniona, na mpumbavu yule alimwomba Dionis.

Nilimkasirikia Ndayikeza kuliko nilivyowahi kumkasirikia Dionis. Miaka ishirini na sita hatujuani, halafu anakuja kunichimbia kaburi kwa mapenzi yake. Nani kamtuma? Kwa nini hakukaa kimya kama mimi?

Kufuta barua peke yake kusingefaa. Dionis angeandika nyingine jioni ile ile. Kufuta fomu nako kusingefaa, wangemwita Ndayikeza na kumwandika upya. Ilibidi fomu iwepo, na iseme kitu kingine.

Nikafuta maneno "nimesikia siku hizi anaitwa Nestori Bazilio, ni fundi wa mashine Kibondo".

Kisha nikashuka kwenye mstari wa hali ya anayetafutwa. Nikafuta "yu hai". Nikaandika "amefariki, 1993".

Msomaji, nakuungamia hapa nisichowahi kumwungamia padri. Mkono haukutetemeka. Niliandika kifo changu kwa haraka, nikarudi nyuma kusahihisha herufi moja niliyokosea, nikahifadhi. Nilijisikia mwepesi.

Yakabaki mambo mawili. La kwanza, barua. La pili, saa. Kila faili huweka kumbukumbu ya lini limeguswa mara ya mwisho, na fundi yeyote anayefanya uchafu anajua kwamba unairudisha saa ya mashine nyuma, unahifadhi tena, halafu unairudisha saa mahali pake. Nilitaka fomu ile ionekane haijaguswa tangu Jumanne. Nikaupeleka mshale kwenye kona ya kioo, kwenye saa.

Radi ikapiga.

Ilipiga upande wa mpaka, kubwa, na mabati yakatetemeka. Nikasikia kandambili za mama Pelagia zikija mbio kwenye korido, na ufunguo ukigonga komeo.

Kanuni ile niliiweka mimi. Mwezi wa tisa radi ilituunguzia mashine mbili, nikamwita mama Pelagia nikamwapisha. Ukisikia ngurumo, chomoa kila waya ukutani, wa umeme na wa mtandao, usimngoje mtu, usiulize. Vilima hivi vinapendwa na radi, na tangu siku ile mwanamke yule alikuwa anachomoa nyaya kama mtu anayeng'oa magugu.

Mshale wangu ukaganda. Kioo cha Dionis kikapotea kwenye kioo changu.

Nikatoka mbio. Nilimkuta mama Pelagia anafunga mlango wa Dionis.

"Baba Vestina, nimechomoa," akasema. "Lakini ile mashine inawaka. Nimetoa waya zote, bado inawaka. Nilipofika nilikuta inawaka chini ya kitambaa changu, na mwenyewe yuko Kasulu."

Betri. Laptop ina betri yake tumboni, umeme ukikatika yenyewe inaendelea. Na kwa kuwa waya wa mtandao umetoka, sikuwa na njia ya kuilaza. Fomu ilikuwa wazi kwenye kioo, na tarehe ya leo imebaki ndani yake.

Nikamwomba ufunguo. Nikasema betri ikipata moto itaunguza nyumba. Akaniuliza ni betri ya namna gani hiyo inayounguza nyumba leo na haikuiunguza wiki jana. Nikamwambia hilo ni jambo la kitaalamu.

"Sawa," akasema. "Nimwite mlinzi, tuingie watatu, uizime tukiona. Ufunguo nilikabidhiwa na mwenyewe, sitaki maneno."

Nikasema basi tusubiri. Fomu ile ilikuwa wazi, na mlinzi wetu alimaliza kidato cha nne.

Nilimsihi radi ikinyamaza aurudishe waya wa mtandao. Akakubali. Nikarudi kwangu, nikakaa mbele ya kioo, nikawa nahesabu muda kati ya ngurumo moja na nyingine. Kila nilipofika mia moja nikiwa na matumaini, ilipiga tena. Mvua ikaanza. Wenzangu walikuwa wamekwama sokoni. Nilikuwa nimefika mia moja na themanini, na mama Pelagia ameshainuka kwenye kigoda chake koridoni, ndipo honi ikalia getini.

Ilikuwa Land Cruiser ya Dionis. Alisema Jumamosi, naye amekuja Ijumaa.

Aliteremka yeye kwanza, kola imenyooka. Akafuata mtu wa sare ya uhamiaji, mnene, ameshika bahasha juu ya kichwa kujikinga mvua. Barua ilikuwa imefika. Dionis aliichapa Jumatano, tarehe akaijaza kwa kalamu, na Alhamisi akaipeleka kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nahangaika na nakala.

Nyuma ya gari akateremka mtu wa tatu, amevaa koti kubwa kuliko mabega yake. Sikuwa nimemwona tangu nikiwa na miezi mitatu. Nilimjua. Alikuwa na paji la uso la mama, lile lile, na namna ya mama ya kukunja macho mvua inaponyesha.

Nikaitwa. Tukajaa watano kwenye ofisi ya Dionis: yeye, yule afisa aliyejitambulisha kwa jina la Stanislaus, Ndayikeza, mimi, na mama Pelagia aliyetufuata baada ya Dionis kutufungulia, akasimama mlangoni. Mashine ilikuwa inawaka. Dionis alikuwa na haraka mno ya kunimaliza, hakujiuliza imewashwaje. Alinyofoa kitambaa.

"Afande, mtumishi mwenyewe ni huyu," akasema. "Na huyu hapa ndiye kaka yake. Maelezo haya niliyaandika kwa mkono wangu Jumanne, mbele yake. Soma mwenyewe."

Bwana Stanislaus akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma tangazo la kanisa. Jina. Umri. Kambi. Anayetafutwa: mdogo wangu Nkunzimana. Hali ya anayetafutwa...

Akasogeza uso karibu.

"Amefariki, 1993."

Dionis akamsukuma afisa mzima kwa bega ili aone. Alisoma, akasoma tena. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Afisa akamgeukia Ndayikeza. "Ndugu, hapa pameandikwa mdogo wako alifariki. Ndivyo ulivyosema?"

Ndayikeza alikuwa anajua kusoma. Alisogea mpaka mbele ya mashine, akautafuta mstari kwa kidole, akaupata. Kidole kikabaki pale. Kisha akainua uso akanitazama, na hakuwa na haraka yoyote. Nilijua ananijua. Na mimi nimerithi lile paji.

Neno moja tu la kwake, "ndivyo" au "sivyo". Akisema sivyo, mimi nalala Mtabila.

"Yarapfuye," akasema.

Afisa akauliza ni lugha gani. Mama Pelagia akajibu pale mlangoni, kwa sauti iliyoshuka. "Kirundi, kinakaribiana na Kiha chetu. Anasema alikufa."

Wanaotoka mbali hawajui desturi ya huku. Msiba ukitajwa, hata wa mtu usiyemfahamu, hata wa miaka mingi, huwezi kusimama tu kama mti. Mfiwa hupewa mkono. Mama Pelagia alikuwa wa kwanza. Akamshika Ndayikeza kwa mikono miwili, akampa pole kwa Kiha. Bwana Stanislaus naye, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, akavua kofia akampa mkono. Dionis alimpa vidole tu.

Nikabaki mimi. Wote wakanitazama, kwa kuwa nilikuwa sijatoa pole.

Nikaenda. Nikanyoosha mkono kumpa kaka yangu pole kwa kifo changu.

Aliushika. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama mpini wa jembe. Nikasema, "Pole sana, bwana," kwa Kiswahili safi cha ofisini. Aliinama kidogo kama mtu anayepokea pole, akaniuliza kwa sauti iliyosikika na mimi peke yangu.

"Na mama?"

Hakuwa akijua. Miaka yote hiyo hakukuwa na wa kumwambia. Mama alifariki mwaka 1989, na hadi pumzi ya mwisho alikuwa analitaja jina lake. Nililijua jibu, na nikilitoa tu ningekuwa nduguye. Nikatazama viatu vya afisa.

Hakuniachia mkono. Huku mkono wa pole haukatwi haraka, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Bwana Stanislaus alikuwa ameshapandwa na hasira. Akamwambia Dionis kwamba amemtoa Kasulu, kwenye tope lile, kuja kutazama marehemu. Akamwambia kama ana ugomvi na fundi wake, waupeleke kwa mkuu wao, uhamiaji siyo baraza la kusuluhisha wivu. Akaanza kuikunja ile barua. Iliingia nusu tu kwenye bahasha.

Dionis alikuwa ameketi mbele ya mashine. Akabonyeza mahali, akabonyeza pengine, polepole, kwa kidole kimoja. Niliitambua njia anayopita. Kilifunguka kisanduku kidogo katikati ya kioo. Akakitazama, akanyoosha kola.

"Afande," akasema, "tangu jana asubuhi mimi nilikuwa wapi?"

"Kasulu. Leo yote umekuwa na mimi."

"Na mlango huu tumeukuta umefungwa."

"Umefungwa, ndiyo."

"Basi kabla hatujaondoka, naomba usome hapa. Marehemu huyu wa mwaka 1993 ameandikwa kufa leo, Ijumaa, saa saba na dakika kumi na nane mchana."

Bwana Stanislaus akairudisha miwani machoni. Alisoma. Akaitoa barua kwenye bahasha. Kisha akauliza ufunguo mwingine wa mlango ule anao nani.

Mama Pelagia akafungua pindo la khanga. Fundo likamshinda mara mbili. Akautoa ufunguo, akauweka mezani juu ya kitambaa chake mwenyewe. Akasema aliingia mara moja tu kuchomoa nyaya kwa ajili ya radi, kama alivyofundishwa na fundi, na alikuta mashine imeshaamka yenyewe.

"Imeamka yenyewe," Dionis akarudia. Akacheka. "Mama, mashine haiamki yenyewe. Umelipwa na nani?"

Mama Pelagia akanigeukia mimi. "Baba Vestina, waambie. Wewe ndiye mtaalamu. Waambie kama mashine inaweza kuamka bila mtu kuigusa."

Bwana Stanislaus akatoa kalamu, akasema anasubiri jibu la fundi.

"Haiwezi," nikasema.

Ndayikeza akaniachia mkono.